Jinsi ya kuwinda kometi na kuipiga picha ukiwa Mwanza

Niseme mapema, kwa kazi ya kutafuta kometi mtu wa Mwanza amekaa pazuri kuliko jamaa wengi wa Ulaya wenye mitambo ya mamilioni, na wala sababu haihusiani na hela, ni jua tu linavyozama. Tupo nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linashuka wima, likishazama giza linaingia fasta na chochote kilicho jirani na jua angani kinabaki kimesimama juu ya ziwa. London jua linateremka kwa mshazari, mwanga unang'ang'ania, na kitu kilicho karibu nalo kinapotelea kwenye huo mwanga kabla hujakiona. Sasa kometi zinawaka zaidi zikiwa karibu na jua, joto linageuza barafu yake kuwa mvuke unaobeba vumbi na ndo mkia wenyewe unapotoka, kwa hiyo sehemu yenye mali ni ileile ambayo sisi tunaiona vizuri na wenzetu wanaiona kwa tabu. Alafu hapa unaona karibu anga yote, kaskazini kundi la nyota la Dubu Mkubwa unaliona, kusini Mawingu ya Magellan, zile galaksi mbili ndogo, unayaona, kometi ikipita popote we upo.

Kwa hiyo maelekezo yangu yote yamekaa kwenye vipande viwili vya muda, lisaa limoja baada ya jua kuzama na lisaa limoja kabla halijachomoza. Usiku wa manane lala tu. Anga ya saa sita usiku ina mashine zinaichana kila siku, ATLAS wana darubini Hawaii, Chile na Afrika Kusini, Pan-STARRS ipo Hawaii, na Rubin ya Chile iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025 ndo itamaliza kabisa. Usijidanganye kwamba utasimama uani Buhongwa na binokula uangalie utosini upate kitu ambacho hao wamekiruka. Wanachokwepa ni eneo la karibu na jua, na huko ndo watu wa kawaida bado wanaokota. Gennadiy Borisov aliipata 2I/Borisov alfajiri ya tarehe 30 Agosti 2019 akiwa Crimea, kwa darubini ya sentimita 65 aliyoitengeneza mwenyewe, na ikaja kujulikana kuwa ile ni kometi ya kwanza kuonekana ikitokea nje kabisa ya mfumo wa jua letu. Terry Lovejoy wa Australia alipata yake Novemba 2011, ikapita karibu kabisa na jua, wataalamu wengi walishaiweka kwenye hesabu ya wafu na ikatoka hai upande wa pili.

Wapi na lini

Kalenda yako iwe ya wavuvi wa dagaa. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani kwenye giza na wanapumzika kwenye mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka taa zao hazivuti dagaa, na we hivyohivyo mwezi ukiwaka kometi hafifu huioni. Kwa hiyo ukipita Mwaloni Kirumba ukaona dagaa wanamwagika kwa wingi jua wiki yako hiyo. Tatizo ni kwamba usiku huohuo mzuri kwako ndo na wao wapo kazini, na zile taa zao za sola zinajipanga kwenye upeo wa maji mstari mrefu utadhani kuna mji, na kometi ya jioni mara nyingi ipo chini hapohapo. Dawa yake ni kupanda. Ukipanda juu ya mawe, na mawe Mwanza hatununui, zile taa zinabaki chini ya mstari wako wa macho na unapata kipande cha anga safi juu yake.

Kwa kometi ya jioni unataka magharibi pawe wazi, na hapo ghuba ya Mwanza inakusaidia: Capri Point, Luchelele, Nyegezi, zote unaweza kupata sehemu inayotazama maji upande wa jua linapozama. Capri Point ina mwanga wa mji mgongoni lakini kwa kometi kubwa haina shida. Oktoba 2024 ile C/2023 A3 iliyoitwa Tsuchinshan-ATLAS ilikuwa inaonekana kwa macho matupu magharibi baada ya jua kuzama, aliyekuwa na ziwa mbele yake alikula uhondo bila kifaa chochote. Kwa kometi ya alfajiri geuka, ziwa halikusaidii tena, unataka mashariki, kwa hiyo tafuta uwanda wa kuanzia Kisesa kwenda Magu, huko pamefunguka na mji unauacha nyuma. Ukitaka giza la ukweli panda meli nenda Ukerewe.

Jua huku linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache kutegemea na mwezi wa mwaka. Nusu saa baada ya kuzama anza kuchungulia, baada ya lisaa na dakika kumi hivi giza linakuwa limekamilika. Alfajiri ni kinyume chake, na hapa nasisitiza, binokula ishushe mapema kabla jua halijatokeza. Sekunde moja ya jua ndani ya lenzi inatosha kukuachia jicho bovu maisha yako yote.

Hali ya hewa sina la kukufariji. Kiangazi cha Juni mpaka Septemba kuna usiku mwingi wazi ila kuna vumbi na moshi wa watu kuchoma nyasi, kwa hiyo upeo wa chini unakuwa na rangi ya chai. Msimu wa mvua ziwa linatengeneza radi zake lenyewe usiku, unaweza ukawa umekaa chini ya nyota na huku upande wa Ukerewe kunawaka. Ukiona hivyo shuka kwenye jiwe, tripodi ya chuma juu ya mwamba na radi sio marafiki.

Na ukiwa ufukweni usikae majini wala kwenye majani marefu. Viboko wanatoka usiku kula, na kuna mamba. Kaa juu, sehemu ya wazi, uwe na mwenzako. Alafu kabla hujaenda kijiji chochote pita kwa mwenyekiti umuelezee unakuja kufanya nini, maana sungusungu wakikukuta porini saa kumi alfajiri na kitu kirefu cheusi chenye miguu mitatu maelezo yatakuwa marefu kuliko usiku wenyewe. Laser za kijani za kuonyeshea nyota usitumie kabisa, uwanja wa ndege upo Ilemela hapo na ndege zinatua.

Kuchana anga na binokula

Binokula ya 10x50 au 7x50 inatosha kuanza, namba ya kwanza ni inavyokuza na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Zile za 50x50 au 100x zinazouzwa barabarani achana nazo, ukikuza sana uwanja unakuwa finyu na mkono ukitetemeka kidogo kila kitu kinaruka. Kaa kwenye kiti cha plastiki, egesha binokula juu ya mti wa fagio uliosimamisha katikati ya magoti, mikono itatulia.

Macho yanahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na ukiwasha kioo cha simu mara moja unaanza upya. Tochi ipake rangi ya kucha nyekundu kwenye kioo chake, imeisha hiyo. Simu ipunguze mwanga mpaka mwisho na kwenye Stellarium, programu ya ramani ya anga, washa rangi nyekundu ya usiku. Wiki ya giza pia ndo vijidudu vya ziwani vinatoka kwa mawingu, na vyenyewe vinafuata mwanga, kwa hiyo kioo cheupe cha simu kitakupotezea macho na kukujazia wadudu mdomoni kwa pamoja.

Sasa kuchana kwenyewe. Anza chini kwenye upeo, sogeza taratibu kushoto kwenda kulia kwa upana wa mikono miwili hivi iliyonyooshwa, ukifika mwisho panda nusu ya uwanja wa binokula, rudi kulia kwenda kushoto. Nusu, usipande uwanja mzima, maana pembeni ya lenzi mambo hayaonekani vizuri na unaacha mapengo. Jioni anza chini mapema kwa sababu cha chini ndo kinazama kwanza, alfajiri fuata kinachochomoza. Unachotafuta ni kidoa cha ukungu, kama pumzi kwenye kioo, katikati panang'aa kidogo na pembeni pamefifia. Usitegemee mkia. Kometi nyingi zinapogundulika hazina mkia wa kuonekana. Na ukihisi kuna kitu usikikodolee, tazama pembeni yake kidogo, sehemu ya jicho inayoona giza vizuri haipo katikati.

Kitakachokusumbua ni vitu vinavyofanana na kometi na sio kometi. Charles Messier alikuwa mwindaji kometi Paris karne ya 18 na alichoshwa na hivyo vitu mpaka akaviandikia orodha ili asivirudie, leo orodha yake ina vitu 110 na watu wanaikumbuka kuliko kometi zake. Kwa anga ya huku kuna vingine ambavyo Messier kwao havikuonekana. Omega Centauri, kile kishada kikubwa cha nyota, Aprili mpaka Juni jioni kinakuwa kusini na kwenye binokula ni kometi kamili isiyo na mkia. 47 Tucanae jirani na Wingu Dogo la Magellan, hivyohivyo. Ongeza na Galaksi ya Andromeda kaskazini mwisho wa mwaka, ingawa hiyo hata Messier aliiona na ipo kwenye orodha yake. Jifunze hivi vitu kimoja kimoja, ukianzia Kilimia na Orioni ambavyo unavijua, na hii ndo kazi ndefu kuliko zote na haina njia ya mkato, ila siku ukishajua kila ukungu ulipo, ule usio wa hapo unakurukia wenyewe.

Hao wanaopata kwa njia hii wapo, au tuseme walikuwepo wengi zaidi. Kaoru Ikeya na Tsutomu Seki walikuwa watu wa kawaida Japani, Septemba 1965 waliipata ile iliyokuja kuwa moja ya kometi angavu za karne. Yuji Hyakutake aliipata yake Januari 1996 kwa binokula kubwa za lenzi za milimita 150. Na Thomas Bopp usiku wa Julai 23, 1995 hakuwa hata na darubini yake, alikuwa anachungulia kwenye ya rafiki yake jangwani Arizona, wakaangalia kishada cha M70 na pembeni yake kukawa na ukungu usiotakiwa kuwepo. Ndo Hale-Bopp hiyo.

Njia ya bando

Kama unataka namba nzuri ya uwezekano, kiukweli ni hii, na hauhitaji hata kutoka nje. Chombo cha SOHO kilirushwa Desemba 1995 kuangalia jua, kamera zake za LASCO zinaziba jua lenyewe na kupiga kinachozunguka, na humo zimeshapatikana kometi zaidi ya 5,000. Ile ya 5,000 ilionwa Machi 2024 na mwanafunzi, Hanjie Tan, na ile ya 3,000 mwaka 2015 ilionwa na Worachate Boonplod wa Thailand ambaye alikuwa anafanya hii kazi kwa kupenda tu. Picha zinawekwa bure mtandaoni na kila mtu anaruhusiwa kuangalia. Nyingi ni za kundi moja linaloitwa Kreutz, vipande vya kometi moja kubwa iliyopasuka zamani, vinakuja kwa njia ileile na karibu vyote vinafia kwenye jua.

Unafanyaje: pakua picha za C3, ile kamera ya LASCO yenye uwanja mpana, za masaa kadhaa mfululizo, zile ndogo za JPEG hazili bando, kwa uchunguzi makini utachukua kubwa baadaye. Ziangalie kwa kuzipitisha mbele na nyuma haraka haraka kwenye kompyuta, programu yoyote ya picha inafaa. Nukta inayotokea kwenye picha moja na kupotea ni chembe za angani zimegonga kamera, zipo nyingi balaa. Nyota zote zinasogea pamoja upande mmoja. Sayari inajulikana kwa mistari mirefu pembeni yake. Unayemtaka ni nukta iliyopo kwenye picha tatu, nne, tano, inatembea kwenye mstari, kwa mwendo unaoeleweka, kuelekea jua. Ukiipata unaiandika kwenye fomu ya mradi wa Sungrazer, ndo unaopokea ripoti za kometi za SOHO, ukiweka tarehe, saa ya kila picha na mahali nukta ilipo kwa pikseli. Kabla ya kutuma soma ripoti za wenzako maana kuna watu duniani wanasubiri kila picha ishuke, unashindana kwa dakika. Jina litakuwa SOHO, halitakuwa lako, ila kwenye kumbukumbu aliyeiona ni wewe.

Kuna kamera nyingine kwenye SOHO hiyohiyo inaitwa SWAN, inaangalia mng'ao wa haidrojeni angani nzima, na kometi ya C/2025 R2 iligundulika humo Septemba 2025 na Vladimir Bezugly wa Ukraine akiwa mbele ya kompyuta.

Kupiga picha

Haya, kugundua ni bahati na subira, kupiga picha kometi ambayo wenzako wameshaigundua ni kazi ya usiku mmoja. Mahali ilipo utapata kwenye Stellarium, ila hakikisha umesasisha orodha ya kometi ndani yake ukiwa na intaneti kabla ya kwenda porini.

Simu ya kawaida yenye hali ya Pro inapiga kometi angavu bila wasiwasi. Ifunge kwenye stendi, hata ile ya ringi laiti ya wadada wa TikTok, ondoa taa yake. Tumia lenzi kuu, usivute zumu, weka fokasi kwenye alama ya mlima au mwisho kabisa, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 800 mpaka 1600, shata sekunde 8 au 10, washa taima ya sekunde 3 ili kidole chako kisitikise, na kama ina RAW, yaani picha ghafi isiyobanwa na simu, washa. Ukitaka picha yenye Mwanza ndani yake panga mawe au mtumbwi chini na kometi juu, piga anga lingali na bluu kidogo, usisubiri giza totoro maana mawe yatakuwa meusi tii. Flashi izime, inamulika vijidudu tu.

Kamera yenye lenzi za kubadilisha ni jambo lingine kabisa. Sio lazima ununue. Wapiga picha wa harusi kamera zao zinalala Jumatatu mpaka Alhamisi, muombe mmoja muende wote, yeye atafurahi kupata picha ambayo mwenzie hana. Ile Canon ya zamani na lenzi ya 50mm f/1.8 ndo mchanganyiko ninaoupenda kuliko wote kwa bei na matokeo. Tundu la lenzi libane kidogo mpaka f/2.2 au 2.8, nyota za pembeni zitakaa sawa. ISO 1600. Muda wa shata unaubana na dunia kuzunguka, kanuni ya haraka ni 500 gawa kwa urefu wa lenzi, na kamera za sensa ndogo unazidisha urefu kwa 1.6 kwanza, kwa hiyo 50mm inakuwa 80 na unapata sekunde 6. Lenzi ya 18mm unafika 17, ya 135mm ni sekunde mbili tu. Hizo ni za juu kabisa, ukipunguza kidogo unapata nyota duara zaidi.

Fokasi ndo inaua picha nyingi kuliko kitu kingine chochote. Zima otofokasi, elekeza kwenye nyota angavu au sayari, Zuhura au Mshtarii ikiwepo, kuza kioo cha nyuma mara 10, zungusha pete taratibu mpaka nyota iwe nukta ndogo kuliko zote, pitiliza kidogo, rudi. Alafu funga pete na solotepu isisogee. Rudia kuangalia kila baada ya nusu saa, kwa sababu ya joto kushuka na kwa sababu ya umande. Umande wa ziwani hauna huruma, lenzi inafunga ukungu na we kwenye kioo kidogo huoni, unaenda kuona nyumbani. Funga ile kofia ya kivuli iliyo wazi mbele ya lenzi (lens hood), na uzungushie lenzi kitambaa chenye kichupa cha maji ya moto, au kama una ule mkanda wa joto wa USB uchomeke kwenye pawabenki.

Piga nyingi. Picha 60 za sekunde 6 ukizipandanisha ni dakika sita za mwanga, na mkia ambao kwenye picha moja ulikuwa wa kubahatisha unatokea. Mwishoni funika lenzi piga nyingine 15 au 20 za giza kwa mipangilio ileile, hizo programu inazitumia kufuta nukta za joto za sensa. Ukifika nyumbani tumia Siril au DeepSkyStacker, zote bure. Zipandanishe kwanza kwa nyota. Kama umetumia lenzi ndefu au umepiga muda mrefu utaona kometi imetoka mviringo wa yai, kwa sababu yenyewe inatembea kati ya nyota, basi unarudia kwa kuipandanisha kometi na nyota ndo zinakuwa mistari. Rangi usizikoroge. Kichwa kikiwa kijani ni halali yake, ni kaboni inang'aa kwenye mwanga wa jua, mkia wa gesi unaelekea bluu na wa vumbi una umanjano na umepinda kidogo.

Ubao wa bawaba

Ukitaka kupita hizo sekunde 6 unahitaji kitu kinachogeuza kamera kufuata nyota. Mitambo ya dukani ipo, lakini mingi imetengenezwa kwa watu wenye ncha ya anga, ile sehemu ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka, juu sana, ya kwetu ipo nyuzi 2.5 tu juu ya upeo wa kusini, imekaa kwenye vumbi na miti, nyota ya kulengea huioni na kichwa cha mtambo wakati mwingine hakilali kiasi hicho. Uzuri ni kwamba huohuo ulalo unafanya ubao wa kutengeneza mwenyewe uwe rahisi kwetu kuliko kwa mtu yeyote wa mbali na ikweta.

Mwambie seremala akukatie mbao mbili za mraba sentimita 30 kwa 30, azifunge kwa bawaba mbili zisizochezacheza upande mmoja. Kwenye ubao wa chini, sentimita 22.9 kutoka katikati ya pini ya bawaba, toboa na ukaze nati ya M6, ile ya spana namba 10, na pitisha bolti ndefu yenye meno ya kawaida ya milimita 1 ikisukuma ubao wa juu kutokea chini. Ncha ya bolti inapogusia bandika kipande cha bati isichimbe mbao. Ubao wa juu weka bolti ya robo inchi na kichwa cha tripodi cha kugeuza kila upande, kamera inakaa hapo. Ile 22.9 usiipuuze, ndo inafanya mzunguko mmoja wa bolti kwa dakika moja uwe sawasawa na mwendo wa anga.

Kuuweka: laza kwenye stuli mbili au matofali ili mkono ufikie kichwa cha bolti kwa chini, sawazisha kwa pima maji, mstari wa bawaba uelekee kaskazini-kusini kwa dira ya simu, bawaba ikae magharibi na bolti mashariki. Alafu inua ukingo wa kusini kwa sentimita 1.3, kipande cha mbao tu kinatosha, hiyo ndo nyuzi 2.5 zako. Ukizungusha bolti, ubao wa juu upande wa mashariki unainuka na kamera inainama kwenda magharibi pamoja na nyota. Robo mzunguko kila sekunde 15, weka simu ikuhesabie kwa sauti. Kwa 50mm unapata dakika moja mpaka mbili safi, kutoka sekunde 6, na kazi yote ni ya fundi wa mtaani.

Ukiona ukungu usioujua

Usimpigie mtu yeyote bado. Kwanza sogeza kamera kidogo upige tena, kama ni mwakisiko wa taa au nyota angavu ndani ya lenzi utahama kwenye picha, kitu cha kweli kinabaki palepale kati ya nyota. Pili pandisha picha kwenye astrometry.net, itakuambia umepiga kipande gani cha anga na kilichopo humo. Tatu ingia MPChecker ya Minor Planet Center, kituo cha dunia kinachotunza kumbukumbu za kometi na sayari ndogo, weka mahali na saa, uone kama kuna kometi au sayari ndogo inayojulikana hapo. Nne, subiri lisaa upige tena. Kama hakijasogea hata kidogo, karibu kila mara ni galaksi au nebula, yaani wingu la gesi na vumbi kati ya nyota.

Kwenye saa ndo watu wetu wanajikanyaga. Kila kitu kinaandikwa kwa saa ya dunia ya UT, ambayo ipo nyuma yetu kwa masaa matatu, na juu ya hapo sisi tunahesabu saa kwa namna yetu. Saa nne usiku ni 22:00 ya simu, ambayo ni 19:00 UT. Saa kumi na moja alfajiri ni 05:00, kwa hiyo 02:00 UT. Na saa nane usiku ya tarehe 12 ni 23:00 UT ya tarehe 11, tarehe inarudi nyuma. Saa ya kamera ilinganishe na simu kwa sekunde kabla hujaanza, kamera nyingi zinakosea kwa dakika kadhaa na hakuna anayejua.

Ripoti inakwenda Minor Planet Center au Central Bureau for Astronomical Telegrams, ofisi inayopokea na kutangaza ugunduzi wa angani, ukiweka mahali kitu kilipo kwa kila saa uliyopiga, kinang'aa kiasi gani ukilinganisha na nyota za jirani, upana wa ukungu, mkia kama upo na umeelekea wapi, kifaa ulichotumia na mahali uliposimama. Ikithibitika, jina linaandikwa kwa mtindo uleule wa C/2023 A3: mwaka, herufi ya nusu mwezi ambapo A ni nusu ya kwanza ya Januari, na namba ya mpangilio, kisha jina la aliyegundua. Kwa kawaida hayazidi majina mawili, ndo maana ile ya 2024 ilibeba jina la kituo cha China na la ATLAS.

Usiku mmoja hautoshi, wanataka wa pili. Na kwa vile mvua ya ziwani haijui una haraka gani, kuwa na mtu wako Dodoma au Arusha mwenye kamera, mtumie namba za mahali ulipokiona na kilipoelekea, yeye apige kabla hujatuma.